Siku Nane Kwenye Njia ya Nyimbo: Kutoka Liverpool hadi Montreux

Siku ya kwanza, Jumamosi. Liverpool.

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi Unguja mkoba wake ulikuwa na kaseti mbili tatu mpya, nyingi zikiwa za bendi za roki za Uingereza. Sisi watoto wa Malindi tulizijua nyimbo hizo kwa sauti muda mrefu kabla ya kuzijua kwa maana, na tulipoanza kujifunza Kiingereza shuleni tukawa tunabishana barazani. Penny Lane ni nani? Wengi wetu tulishikilia kuwa ni mwanamke. Safari hii nimeifanya kwa ajili ya maswali ya namna hiyo, ambayo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimechagua nyimbo chache tu ambazo kisa cha kuzaliwa kwake kinafahamika kiasi cha mtu kuweza kwenda kusimama pale kilipotokea.

Penny Lane si mtu. Ni barabara ya kawaida kusini mwa Liverpool, na watu wa hapa hulitumia jina hilo pia kwa makutano ya mwisho wake, ambako John Lennon na Paul McCartney wa bendi ya The Beatles, walioimba wimbo huo, walikuwa wakibadilisha mabasi walipokuwa vijana. Kipilefti kipo, na katikati yake kuna kibanda kile kile kinachotajwa katika wimbo. Kinyozi yupo. Nilisimama hapo karibu saa nzima huku nikiusikiliza wimbo kwa vipokea sauti vya masikioni, na nikaona jambo ambalo kaseti haikuweza kunionyesha: McCartney hakuandika alichokiona siku moja, bali alikusanya mambo ya siku nyingi na ya mahali zaidi ya pamoja. Kituo cha zimamoto hakipo hapa, kipo barabara ya Mather, mbele kidogo. Katika wimbo mvua inanyesha, na papo hapo anga ni la buluu na ni majira ya kiangazi, ilhali kuna muuguzi anayeuza maua mekundu ya ukumbusho wa vita, ambayo nchini humu huuzwa mwezi Novemba.

Hata sauti ya tarumbeta ndogo iliyo katikati ya wimbo ilipatikana kwa bahati. McCartney alikuwa akitazama televisheni nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1967, akamwona David Mason akipiga muziki wa Bach, na siku chache baadaye mpigaji huyo akaitwa studio. Sehemu yake McCartney aliiimba kwa mdomo, na George Martin, mtayarishaji wao, akaiandika kwa noti.

Siku ya pili, Jumapili. Woolton.

Nilipanda basi hadi Woolton, kitongoji cha nyumba zenye bustani, ambako Lennon alilelewa na shangazi yake Mimi katika barabara ya Menlove. Nyuma ya nyumba hiyo, mwendo mfupi kwa miguu, kuna lango jekundu la chuma la Strawberry Field. Mahali hapa palikuwa nyumba ya kulelea watoto ya Jeshi la Wokovu, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kufungwa mwaka 2005, na tangu mwaka 2019 pako wazi kwa wageni. Lennon alipokuwa mtoto alikuja kucheza katika bustani yake pamoja na rafiki zake, na kila kiangazi shangazi yake alimleta kwenye sherehe ya bustani ambapo bendi ya Jeshi la Wokovu ilipiga muziki.

Wimbo uliochukua jina la mahali hapa, Strawberry Fields Forever, hata hivyo, haukuandikwa hapa. Lennon aliuanza Almería, kusini mwa Uhispania, katika vuli ya mwaka 1966, alipokuwa akiigiza katika filamu na kuzisubiri saa ndefu za kazi hiyo. The Beatles walikuwa wamekwisha kuacha kufanya ziara za maonyesho, naye alikuwa na umri wa miaka 26 na hakujua maisha yake yangeelekea wapi. Ninaamini kwamba umbali huo ndio uliouzaa wimbo. Mtu aliyekaa karibu na bustani aliyochezea utotoni huipita kila siku bila kuitazama. Aliyekwama katika joto la nchi ya watu huikumbuka tawi kwa tawi. Sisi tuliotoka visiwani tunalijua jambo hili vizuri, kwani karibu kila wimbo wa taarabu unaoitaja Unguja kwa uchungu huimbwa kwa nguvu zaidi na aliye mbali nayo.

Kisha kuna kisa cha studio, ambacho kwangu ni kizuri kuliko visa vyote vya ufundi wa kurekodi. Wimbo ulirekodiwa London kwa namna mbili, moja nyepesi yenye vyombo vichache na nyingine nzito yenye tarumbeta na selo. Lennon alipenda mwanzo wa ile ya kwanza na mwisho wa ile ya pili, akamwomba Martin aziunganishe. Martin akamweleza kwamba haziwezi kuungana kwa sababu zilikuwa katika ufunguo tofauti na kasi tofauti. Lennon akasisitiza. Martin na fundi wake Geoff Emerick wakabadilisha mwendo wa kanda, moja ikaongezwa kasi na nyingine ikapunguzwa, na sauti zikakutana. Kiungo hicho kipo pale dakika ya kwanza inapomalizika. Nikiwa nimeegemea ukuta wa lango lile nilikisikia kwa mara ya kwanza maishani, baada ya kuusikiliza wimbo huo mara zisizohesabika: sauti ya Lennon inakuwa nzito ghafla, kama mtu anayezama.

Jioni niliingia katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Ni katika sherehe ya kanisa hili, tarehe 6 Julai 1957, ndipo Lennon na McCartney walipokutana. Na ni katika makaburi haya ndipo lilipo jiwe la Eleanor Rigby, mwanamke mwenye jina moja na wimbo wa The Beatles, aliyefariki mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 44. McCartney amesema mara nyingi kwamba jina la kwanza alilitoa kwa mwigizaji Eleanor Bron na la pili katika duka moja la mjini Bristol, na amekubali pia kwamba huenda jiwe hili lilibaki mahali fulani akilini mwake bila yeye kujua. Mimi, baada ya kuona jinsi lilivyo karibu na njia ambayo vijana wale walikuwa wakipita, naegemea upande wa jiwe.

Siku ya tatu, Jumatatu. Warrington.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Manchester na ni dereva wa basi. Alichukua likizo ya siku mbili ili anisindikize, akaja kunipokea stesheni ya Warrington. Alipoona kijitabu changu akasema, “Shemeji, leo uandike kidogo, utazame zaidi.” Nilimtii.

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya Jumamosi, mkesha wa Siku ya Akina Mama nchini Uingereza, mabomu mawili ya IRA, kundi la wapiganaji waliotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, yalilipuka ndani ya mapipa ya taka katika barabara ya maduka iitwayo Bridge Street. Mtoto wa miaka 3 alifariki papo hapo, na mwingine wa miaka 12 alifariki siku chache baadaye. Zaidi ya watu 50 walijeruhiwa. Wakati huo bendi ya The Cranberries kutoka Limerick, Ireland, ilikuwa katika ziara ya Uingereza, na mwimbaji wake, Dolores O’Riordan, alikuwa na umri wa miaka 21. Kutokana na habari hiyo aliandika Zombie, uliotolewa mwaka 1994.

Nyumbani wimbo huu ulipigwa sana redioni, na wengi wetu tulidhani unahusu mazimwi. Sikumbuki yeyote aliyetueleza kwamba unahusu mtoto aliyekwenda dukani na mama aliyebaki. O’Riordan aliuandika peke yake, wakati nyimbo nyingi za bendi hiyo aliziandika pamoja na mpigaji gitaa Noel Hogan, na alitaka magitaa yawe mazito kuliko walivyozoea. Anautaja mwaka 1916, mwaka wa uasi wa Dublin dhidi ya Waingereza, kuonyesha kwamba ugomvi ule ule ulikuwa ukirithishwa kizazi kwa kizazi. Wapo waliomlaumu kwamba aliichukulia nyepesi historia ya dhuluma waliyopitia watu wa Ireland ya Kaskazini, na malalamiko hayo hayakutoka hewani. Lakini ukisimama Bridge Street, mbele ya chemchemi ya ukumbusho ambayo maji yake hutiririka katikati ya barabara, unaelewa kwamba aliandika kama binti aliyekataa mauaji hayo yatendwe kwa jina lake.

Pale anapoivunja sauti yake katika kiitikio, anaivuta kooni kwa namna ya waombolezaji wa kale wa Ireland. Hilo pia nililisikia leo. O’Riordan alifariki London tarehe 15 Januari 2018. Tulipokuwa tukiondoka shemeji alisema kitu kimoja tu, kwamba hapo awali alikuwa akiupiga wimbo huo kwenye sherehe za vijana, na kwamba hataupiga tena.

Siku ya nne, Jumanne. Macclesfield.

Kutoka Manchester treni huchukua chini ya nusu saa. Huu ni mji mdogo wa vilima, uliowahi kuwa mji wa viwanda vya hariri, na ndiko alikoishi Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division.

Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimejiandaa kuandika kuhusu Love Will Tear Us Apart, ambao kila mtu anaujua. Nimebadili nia, kwa sababu kisa kilichonishika hapa ni cha wimbo mwingine, She’s Lost Control. Curtis aliajiriwa katika ofisi ya serikali ya ajira hapa mjini, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Miongoni mwa waliofika kwake alikuwa msichana mwenye kifafa, ambaye alikuwa na hamu kubwa ya kufanya kazi lakini akishikwa na kifafa mara kwa mara. Baada ya muda hakuonekana tena. Curtis alidhani amepata kazi, kisha akaja kujua kwamba alikuwa amefariki. Akaandika wimbo.

Hapo palikuwa mwaka 1978. Mwishoni mwa Desemba ya mwaka huo, bendi ilipokuwa ikirudi kutoka kwenye onyesho London, Curtis mwenyewe alishikwa na kifafa ndani ya gari, na Januari 1979 madaktari wakathibitisha kwamba ana ugonjwa huo. Kuanzia hapo aliuimba wimbo wa yule msichana kila usiku jukwaani akiwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa, na mara nyingine watazamaji hawakuweza kutofautisha uchezaji wake wa mikono na ugonjwa uliokuwa ukianza kumshika. Sijui wimbo mwingine wa roki uliomgeukia mwandishi wake kwa namna hii. Katika kurekodi, mtayarishaji Martin Hannett alimtaka mpigaji ngoma Stephen Morris apulizie kopo la dawa ya kusafishia mitambo ya kanda ndani ya chumba kilichofungwa, ili mpulizo huo uwe sehemu ya mdundo. Ndiyo ile sauti kavu, baridi, inayomkata msikilizaji pumzi.

Kuhusu Love Will Tear Us Apart nitasema machache. Uliandikwa ndoa yake ilipokuwa ikivunjika, na kabla ya kuurekodi, Tony Wilson wa kampuni iliyotoa santuri zao alimpa Curtis albamu ya Frank Sinatra aisikilize, ndiyo maana anauimba kwa sauti ya chini na laini isiyo ya kawaida yake. Alijitoa uhai tarehe 18 Mei 1980, bendi ikiwa karibu kabisa kuondoka kwenda Marekani kwa ziara yake ya kwanza huko. Alikuwa na umri wa miaka 23. Jina la wimbo limechongwa kwenye jiwe lake la ukumbusho, ambalo liliibwa mwaka 2008 na kuwekwa jingine. Pembeni ya jiwe kulikuwa na sarafu, maua na tiketi za treni zilizolowa mvua. Niliweka yangu.

Siku ya tano, Jumatano. Manchester.

Siku fupi. Shemeji amerudi kazini, nami nilikwenda uwanja wa St Ann kwa ajili ya Don’t Look Back in Anger wa Oasis, uliotolewa kama santuri mwaka 1996. Noel Gallagher ameeleza kwamba alikuwa akipiga gitaa na kuimba maneno yoyote yaliyomjia kabla ya onyesho, mdogo wake Liam akasikia vibaya na kumwuliza kama alichokuwa akikiimba ni kuhusu Sally. Hakukuwa na Sally. Noel akaona alichosikia ndugu yake ni kizuri kuliko alichokuwa nacho, akakichukua.

Wimbo huo uliotokana na sikio lililokosea ulipata kisa cha pili miaka 21 baadaye. Tarehe 22 Mei 2017 bomu liliua watu 22 mwishoni mwa tamasha la muziki katika ukumbi mkubwa wa jiji hili, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Siku tatu baadaye, watu walipokusanyika katika uwanja huu na kunyamaza kwa dakika moja, mwanamke mmoja katikati ya umati alianza kuuimba peke yake kwa sauti ya chini, na waliomzunguka wakaitikia hadi uwanja mzima ukawa unaimba. Leo palikuwa na wanafunzi wanaokula chipsi na njiwa wanaowasumbua.

Siku ya sita, Alhamisi. Feltham, kisha treni.

Nilishuka London asubuhi na kwenda moja kwa moja Feltham, magharibi ya jiji, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Katika mtaa wa Gladstone kuna nyumba ndogo yenye kibao cha buluu cha kumbukumbu. Hapa ndipo familia ya Bulsara ilipofikia mwaka 1964, ilipoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi. Kijana wao Farrokh, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, ndiye aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Nilitazama kutoka ng’ambo ya barabara, kwa kuwa watu wanaishi humo. Ndege zilikuwa zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine.

Ndani ya treni ya Paris nilisikiliza Bohemian Rhapsody. Ulirekodiwa mwaka 1975, mwanzo wake ukifanyika katika studio ya Rockfield, shambani huko Wales, na sehemu ya katikati inayofanana na opera ilichukua takriban wiki tatu, Freddie na wenzake Brian May na Roger Taylor wakirudia sauti zao tena na tena hadi utepe wa kanda ukachakaa na kuanza kupenyeza mwanga. Freddie alikataa maisha yake yote kueleza wimbo unahusu nini. Kwetu, neno linalozungumzwa siku zote ni Bismillahi iliyomo humo, na wapo wanaojenga juu yake hadithi ndefu. Familia yake ilikuwa ya Waparsi wa dini ya Zoroasta, naye alipelekwa shule ya bweni India akiwa na umri wa miaka 8. Ila mtoto aliyelelewa miaka ya mwanzo Mji Mkongwe hakuhitaji kuwa Mwislamu ili neno hilo liwe masikioni mwake kila siku, dukani, barazani na mlangoni. Hayo ni maoni yangu, na ninayashikilia.

Siku ya saba, Ijumaa. Montreux.

Nililala Paris, nikapanda treni ya Lausanne, na kutoka hapo reli inafuata ukingo wa Ziwa Geneva hadi Montreux. Ziwa lilikuwa limetulia, na ukungu mwembamba ulitanda juu ya maji. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya Smoke on the Water, wimbo wa bendi ya Deep Purple, hakuna mapokezi bora kuliko hayo.

Kisa hiki kinajulikana kwa sababu wimbo wenyewe unakisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, bila kificho. Mwezi Desemba 1971 Deep Purple walifika hapa na studio ya gari iliyokodiwa kutoka kwa Rolling Stones, wakitaka kurekodi albamu ndani ya kasino mara litakapomalizika onyesho la mwisho la msimu. Onyesho hilo lilikuwa la Frank Zappa, tarehe 4 Desemba. Katikati yake mtazamaji mmoja alifyatua bastola ya fataki kuelekea dari, ambayo ilikuwa imefunikwa kwa henzirani, na henzirani kavu hushika moto kama makuti. Jengo zima likateketea. Hakuna aliyefariki, na sehemu ya sifa hiyo inamwendea Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la mji huu, aliyeingia na kuwatoa vijana waliokuwa wamekwama ndani. Wimbo unamtaja kwa jina.

Deep Purple waliutazama moto wakiwa hotelini, na upepo ukashuka kutoka mlimani na kuutandaza moshi juu ya ziwa. Siku moja mbili baadaye mpigaji besi Roger Glover aliamka usingizini na maneno manne mdomoni, Smoke on the Water. Wakati huo walikuwa wamehamia ukumbi uitwao Pavillon, ambako waliurekodi muziki wa wimbo huu usiku, majirani wakaita polisi, na wasaidizi wa bendi wakaizuia milango kwa nguvu mpaka kipande kikamilike. Walipofukuzwa wakaenda Grand Hôtel, iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapanga vyombo kwenye korido na kuweka magodoro ya kuzuia mwangwi. Ili kufika kwenye gari la studio iliwabidi wapite vyumbani na kwenye roshani, safari iliyowachosha kiasi kwamba waliacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Walipiga tu hadi waliporidhika. Ninadhani uchovu huo umeifaa albamu, kwani haina mapambo yasiyo na kazi.

Maneno yalikuja mwisho, yakiwa kama kumbukumbu ya kazi ya wiki hizo. Bendi haikuutarajia wimbo huo kuwa mkubwa. Ulitolewa kama santuri peke yake mwaka 1973, na sasa noti zake za gitaa zimechongwa katika mnara mdogo kando ya ziwa, ambako nilimkuta baba akimwonyesha bintiye mdogo kwa kidole jinsi zinavyopanda na kushuka.

Siku ya nane, Jumamosi. Montreux.

Kasino ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1975, na ndani yake ikawekwa studio iitwayo Mountain, ambayo Queen waliinunua mwaka 1979. Humo ndimo Under Pressure ulimozaliwa mwaka 1981, David Bowie, aliyekuwa akiishi karibu, alipopita kuwasalimu na usiku ukawakuta wakicheza muziki. John Deacon, mpigaji besi wa Queen, alikuwa na noti chache za besi, wakaenda kula, na waliporudi alikuwa amezisahau. Roger Taylor ndiye aliyezikumbuka. Nimezipiga noti hizo mezani kwa kidole tangu nikiwa kijana, na leo asubuhi nilizipiga kwenye ukuta wa chumba zilimokaribia kupotea.

Chumba hicho sasa ni mahali pa wageni, na kuingia ni bure. Mwezi Mei 1991 Freddie, akiwa mgonjwa sana, aliimba humo sehemu zake za mwisho. Katika Mother Love alifika ubeti mmoja kabla ya tamati, akasema anahitaji kupumzika na kwamba angerudi kuumalizia. Hakurudi. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, na ubeti huo ukaimbwa na Brian May katika albamu ya mwaka 1995.

Nilitoka nje hadi kwenye sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka 1996, ngumi juu, uso kuelekea majini. Nilimpigia shemeji simu ya picha ili aione. Akaniuliza, “Anatazama wapi, shemeji?” Nikamgeuzia simu, akaliona ziwa, meli ya abiria ikiondoka gatini, na milima ya upande wa pili. Nikaweka Mother Love tangu mwanzo, tukausikiliza wote wawili, mimi Montreux na yeye ndani ya basi lake lililoegeshwa Manchester, hadi sauti ilipobadilika.